Ganda Lisilolia

Najma, Doha
6 Septemba 2024

Kwa mke wangu mkubwa, Bibi Tatu,

Shikamoo. Nakuamkia mapema kabla hujasema Uarabuni wamenifundisha kuingia bila hodi. Mimi ni mzima, nakula, na tumbo limeanza kuonekana, kwa hiyo yale maneno ya mama kwamba nimebaki mifupa mitupu uyapuuze. Joto limeanza kulegea. Chumbani tuko Watanzania wawili na Wakenya wawili, na ugomvi wetu mkubwa ni ugali. Wenzetu wanausonga mgumu, unaweza kujengea msingi wa nyumba.

Nimekupigia simu mpaka nimechoka. Unapokea, unasema "Haloo, haloo, mtandao mbaya," unakata. Nikimwomba mama akupe simu yake, unajibu uko jikoni, hata saa ambazo najua hujawahi kuingia jikoni tangu uolewe. Basi nimeamua kuandika kama watu wa zamani. Barua hii anakuja nayo Fabian, dereva mmoja wa Muheza anayekwenda likizo.

Habari yenyewe ni hii. Nimeacha hoteli ya Al Sadd. Nimefuta vioo vya kutosha, nilikuwa naiona sura yangu siku nzima mpaka nikaichoka. Nilihamia kwenye ulinzi wa getini, klabu moja ya michezo kule mbele ya Umm Salal karibu na mashamba. Sasa ndani ya klabu hiyo kuna chumba cha shaba. Msimamizi wake ni Mkenya wa Eldoret anaitwa Kiprop. Siku moja alinikuta getini nimeokota kipande cha shaba, nakigonga kwa ukucha na kukisogeza sikioni. Akaniuliza, "Buda, unasikiza nini hapo, redio?" Nikamwambia nimekulia kwenye karakana ya shaba, kwa Bibi yangu. Alicheka, lakini wiki ile ile akaniomba kwa mudir, mkuu wa klabu, niwe msaidizi wake. Niko kwenye majaribio mpaka baada ya Idd. Nikifaulu nasaini mkataba na kuagana na geti. Nikishindwa narudi juani. Bibi, naitaka kazi hii kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka huku.

Ni kazi ya vikombe vidogo vya shaba njano. Virefu kama kidole, shingo nyembamba, kitako kinene chenye tundu dogo katikati. Vinatumika, vinarudi, vinasafishwa, vinatumika tena. Vizuri vinarudi mara nyingi, vibaya vinapasuka mapema. Klabu inataka kununua vipya vya msimu huu, na Kiprop ameweka aina tatu mezani ili nimsaidie kuchagua. Sasa nakuuliza wewe, shaba ya kudumu inajulikanaje? Nilikuwa nakuona unajua tu. Sikuwahi kukuuliza unajuaje.

Nisalimie mama, nisalimie mbuzi.

Mumeo mdogo,
Khalfan


Ngamiani, Tanga
11 Oktoba 2024

Mume wangu Khalfan,

Marahaba. Barua yako ililala Muheza kwa Fabian hadi ikachoka, kisha akaja kunikabidhi akiwa amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Nilidhani anaumwa macho, nikamwekea maji ya kunawa. Kumbe ndivyo mnavyovaa huko.

Sisi wazima. Mama yako anakwenda na kurudi Muheza kwa dada yake. Mbuzi wamezaa, banda limejaa, na ile harufu yao ukiinama kufagia inakutoa machozi. Mama yako anataka tulisogeze banda karibu na karakana ili lipate kivuli. Nimekataa. Babu yako Hamisi alilijenga kule nyuma, mbali na shaba, na kule litabaki mpaka nife. Karakana ipo. Nyundo zipo ukutani. Harusi mwaka huu zimekuwa chache na watu wananunua mabirika ya Kichina, kwa hiyo napumzika.

Simu yangu mbovu, haitoi sauti. Usininunulie nyingine. Barua ni nzuri, haikatiki katikati.

Sasa shaba yako. Kwanza beba sumaku. Usicheke. Siku hizi watu wanachukua chuma, wanakipaka shaba juu, wanakuuzia kwa sura. Sumaku haidanganywi na sura. Pili pima uzito. Vikombe vya fundi mmoja vinatakiwa vilingane, na kama kila kimoja kina uzito wake, ujue unene nao unatangatanga, na penye wembamba ndipo patakapopasuka. Tatu tazama shingo. Shaba njano ukiipiga inakuwa ngumu, ukizidi kuipiga inakatika. Fundi anayejua huipitisha shingo kwenye moto ilainike, na moto ule huacha doa la rangi ya biringanya na buluu. Wapo wanaolifuta kwa ajili ya wanunuzi wa macho. Huenda moto waliupitisha, huenda hawakuupitisha, wewe utajuaje? Doa lile ndilo ushahidi wako, kwa hiyo usiwe na haraka ya kulifuta. Kitako lakini kisiguswe na moto hata kidogo. Kikilainika hakina kazi tena.

Kwa vilivyokwisha kutumika, chukua waya mwembamba, ukunje ncha kama kulabu, uupitishe ndani ukikwaruza taratibu kutoka chini. Ukinasa mahali, pana mfereji umeanza kuchimbika, na macho hayauoni. Mwisho kabisa, vitikise kiganjani. Kizima kinalia. Chenye ufa kinakoroma au kinanyamaza.

Nimekujibu. Na mimi nikuulize. Nimefua shaba tangu mama yako hajazaliwa. Nimefua mabirika, sinia, vyetezo, njumu za milango. Sijawahi kuona kikombe chenye shingo, na sijawahi kuona kikombe kinachotobolewa tundu kitakoni. Huko Doha mnakunywa nini, Khalfan?

Mkeo,
Tatu


Najma, Doha
22 Novemba 2024

Kwa Bibi Tatu, mwalimu wangu,

Shikamoo tena na tena. Hali ya hewa sasa ni ya raha, tunakaa nje jioni tunakunywa chai ya karaki, ile ya maziwa yenye iliki ambayo ungeisifu halafu useme ya kwako ni bora. Barua hii anakuja nayo Aisha, yule binti wa Bi Mwanaheri wa mtaa wa pili. Anafanya kazi hotelini kwetu kule Al Sadd na amepewa likizo ndefu. Ni mtu mwema. Usianze.

Bibi, maneno yako yamenipandisha cheo kabla ya mkataba. Nilikwenda mezani na sumaku mfukoni. Aina ya kwanza iling'aa mpaka Kiprop akasema, "Hizi ni kama za harusi." Nikaweka sumaku. Ikanasa tap! Kiprop alijua tangu mwanzo, alikuwa ananipima tu, na alifurahi mpaka akaninunulia shawarma. Aina ya pili ni shaba kweli, lakini mizani ilikuwa inapanda na kushuka kila tukibadilisha, na shingo zimefutwa safi, hazina habari. Ya tatu ina doa la biringanya shingoni, imefifia, ukiitazama haraka utadhani imeungua. Mizani ikasimama pale pale. Nikasema hii. Kiprop akasema, "Hata mimi, hiyo hiyo."

Mudir alipoyaona madoa akakunja uso. "Wasikh," anasema, chafu hizi. Kiprop akamweleza, akakubali kununua, ila alinitazama kwa jicho la kusema tutaonana. Nitamwonyesha kwamba shaba nzuri inaweza kupendeza pia. Kusafisha nako ni fani yangu.

Kuhusu tunachokunywa huku, tunakunywa chai. Mengine Aisha atakueleza, karatasi imekwisha.

Mumeo,
Khalfan


Ngamiani, Tanga
20 Desemba 2024

Khalfan,

Marahaba. Karatasi haikuisha. Nyuma yake ni nyeupe tupu, nimeigeuza mara mbili.

Nakueleza yaliyonikuta kwa sababu yako. Ilikuwa asubuhi, tumekaa barazani wanawake wa mtaa tunachambua mchele wa harusi ya mtoto wa Bi Mwanaheri, kaka yake huyo Aisha. Aisha anaingia na sanduku lake, anaamkia, anakaa. Namuuliza, mume wangu umemwachaje? Akasema neno. Mimi nikasikia, "Khalfan kapigwa shaba."

Kumbe kasema, "Khalfan anapanga shaba."

Unalijua neno letu la mitaani. Mtu akipigwa shaba hapigwi sinia, anapigwa risasi. Nilipiga yowe ambalo wanasema lilifika barabara ya kumi na tano. Nyungo zikatupwa. Mama yako akaanguka. Hakuna aliyemuuliza Aisha tena, na kila alipofumbua mdomo walimkumbatia wakamwambia pole mwanangu umebeba habari nzito. Maalim akaitwa. Mchele wa harusi ya watu ukaingia chunguni kwa ajili ya hitma yako. Maalim alikuwa ameshafungua juzuu pale Aisha aliposimama juu ya kiti na simu yake, na sura yako ikatokea. Ulikuwa unatafuna.

Watu wamecheka mpaka leo. Nimewarudishia mchele wao. Ile hitma iliyoanzwa tumeimalizia kwa marehemu babu yako, isipotee bure. Huyu Aisha naye anaongea kwa puani, hasikiki vizuri.

Lakini mimi sikucheka muda mrefu, kwa sababu nilimuuliza Aisha, basi hiyo shaba anayopanga ni shaba gani? Akasema maganda ya risasi. Klabu yenyewe ni ya kulenga shabaha, watu wanapiga bunduki, maganda yanaokotwa, nyinyi mnayajaza tena.

Sheria ya nyumba hii unaijua tangu hujaota meno. Shaba ya risasi haivuki kizingiti changu. Uliiona mikono ya babu yako. Ulinichezea akili kwa jina la vikombe, na mimi mjinga nikakufundisha mpaka namna ya kukwaruza ndani.

Sina la kuongeza.

Bibi yako,
Tatu


Najma, Doha
10 Januari 2025

Bibi yangu,

Shikamoo. Naona hukutia sahihi kama mke wangu. Nimeisoma sahihi ile kuliko barua yenyewe.

Ni kweli nilikuficha. Ningekwambia maganda, ungefunga mdomo, na mimi nilihitaji unifundishe. Ulivyo mkali, ungefanya nini kama ungekuwa mimi? Hapana, nisikuulize maswali. Niwie radhi.

Naomba tu ujue ni mahali gani. Hapa hakuna vita wala jambazi. Ni watu wazima wenye vibali wanalenga karatasi iliyochorwa duara, kisha wanabishana kuhusu duara hilo mpaka kahawa inapoa. Ganda linarudi kwetu. Mimi silijazi. Baruti na fataki ya kuiwasha ni kazi ya Kiprop, amesomea, ana cheti ukutani, na mlango wake unafungwa. Mimi nachagua. Nasema hili lirudi kazini, hili lipondwe. Basi. Ganda bovu likirudi kazini linaweza kupasuka mbele ya uso wa mtu.

Na sasa nina mtihani. Yale maganda niliyoyachagua, ya doa la biringanya, yameanza kupasuka. Shingoni, nyufa nyembamba kama unywele, baada ya kutumika mara mbili tu. Mengine yamepasuka yakiwa ndani ya ndoo, hayajaguswa na mtu! Kiprop anazunguka anasema, "Aje sasa? Hizi ni mpya, buda, zinapasuka aje?" Mudir anataka kurudisha masanduku yote na kununua yale ya kung'aa. Anasema mlinzi arudi getini akalinde. Nimekwaruza kwa waya, nimepima, sioni kosa. Nimeyatunza kuliko macho yangu. Mudir aliyaita machafu, nikayalaza kwenye ile dawa niliyokuwa nafutia vioo hotelini, kali mpaka inanitoa machozi, usiku kucha ndani ya ndoo yenye mfuniko, na yalitoka yanang'aa hata mudir akatabasamu. Shaba nzuri, matunzo mazuri, halafu inapasuka. Je, nilichagua vibaya?

Nakuuliza kama fundi. Ukitaka nikasirikie baadaye.

Khalfan


Najma, Doha
14 Februari 2025

Bibi,

Shikamoo. Hujajibu, nami nahesabu kwamba barua imepotea, maana nikihesabu vinginevyo nitalia. Hii nampa mwenzetu anayeondoka kesho.

Nilimpigia Aisha nimuulize kama umekasirika sana. Akaniambia kitu ambacho wewe hukuniambia. Anasema siku hizi mkizungumza anakuandikia kwa chaki kwenye ubao wa mlango. Anasema simu yako ni nzima kabisa.

Bibi, mimi nilikuficha maganda, wewe ukanificha masikio. Naona tumelingana. Usikae na jambo kama hilo peke yako kwa sababu tu unaona haya. Wewe ndiye uliyenifundisha kusikiliza, na nimeumia kujua kwamba nyundo zimenyamaza na mimi naulizia habari za mbuzi.

Mudir amesema mwisho ni Idd. Kama sina sababu ya nyufa, masanduku yanarudishwa. Nikirudi getini nitarudi, si kifo. Ila nisingependa nirudi nikiwa sina radhi yako vilevile. Moja kati ya hayo mawili naliweza. Yote mawili ni mengi.

Wako,
Khalfan


Ngamiani, Tanga
26 Februari 2025

Mume wangu,

Marahaba, na Ramadhani hiyo inaingia, kwa hiyo nakuandikia ningali na nguvu na mdomo una chai. Jana tulikwenda vunjajungu ufukoni na wanawake wa mtaa. Waliimba, mimi nikapiga makofi nikifuata midomo yao. Nimepatia, ila wimbo mmoja nilipiga makofi peke yangu baada ya wao kumaliza. Tulicheka sana.

Kwanza kazi. Wewe mtoto, uliilaza shaba kwenye dawa ya vioo?

Kwa nini unadhani babu yako alijenga banda la mbuzi kule nyuma? Tulipooana alikuwa na birika zuri la mahari yangu. Likasahaulika bandani msimu mzima wa mvua. Tukaja kulikuta limepasuka shingo, ufa mwembamba kama unywele, na hakuna aliyeligusa. Mkojo wa mbuzi. Ile harufu inayopanda puani ikakutoa machozi ndiyo inayoila shaba njano, inaingia kimyakimya pale ilipopigwa na kujikaza, inaiachanisha. Mafundi wote wa hapa wanajua, shaba na zizi havilali jirani. Dawa yako ya vioo ina harufu gani? Umeniandikia mwenyewe, inakutoa machozi. Umefungia shaba yangu na mbuzi ndani ya ndoo, tena na mfuniko juu.

Hukuchagua vibaya. Ulichagua vizuri, kisha ukaona haya kwa sababu ya doa. Tangu mdogo unapenda vitu ving'ae. Uliwahi kusugua sufuria yangu mpaka ikatoboka.

Yote yaliyolala kwenye dawa ile yaponde, hata yanayoonekana mazima, usimwonee huruma mtu. Ambayo hayajaiona yaache na madoa yao. Ukitaka kusafisha, maji ya uvuguvugu na limau, kidogo tu, suuza sana, anika yakauke. Mudir akisema machafu, mwambie doa ni la moto, na moto ndio ulioilinda shaba.

Sasa lile jingine.

Vidole vya babu yako tulikwambia moto ulimruka. Haukumruka. Baada ya vita vya Kagera watu walikuja na magunia ya maganda, shaba safi, rahisi, kila karakana ilinunua. Gunia letu lilipita mikono mingi. Aliyeokota alidhani muuzaji atachagua, muuzaji alidhani sisi tutachagua, mimi nilidhani Hamisi amechagua, Hamisi alidhani mimi. Moja halikuwa tupu. Tuliliweka motoni. Yeye lilimchukua vidole viwili, mimi lilinipa mlio sikioni ambao haukutoka, na sasa hata huo mlio umeondoka, na sikio la pili limeufuata. Sikukwambia kwa sababu fundi wa shaba asiyesikia ni kama mpishi asiye na ulimi, na mimi sikuwa tayari kuitwa hivyo na mume wangu.

Nilipojua kazi yako nilikasirika wiki nyingi. Barua yako haikupotea, ilikuwa chini ya mto wangu. Kila nikiisoma nafika pale unaposema, "Mimi nachagua." Nimechukia maganda maisha yangu yote, Khalfan, na nimekaa nikaona si ganda nililolichukia. Siku ile hapakuwa na mtu wa kuchagua. Tulikuwa karakana nzima, na mtu huyo hakuwepo.

Basi kaa hapo hapo. Nimekupa radhi, na babu yako angekupa.

Kwenye mfuko huu anaokuja nao Aisha kuna kulabu yangu, ile yenye mpini wa mpingo. Vidole vyangu bado vinaona, lakini hapa hakuna cha kukwaruza. Wewe unacho.

Nina ombi moja. Ukiyatikisa kiganjani, niandikie yanasemaje.

Na huyo Aisha, nilisema anaongea kwa puani. Haongei kwa puani. Ana mwandiko mzuri, ana subira, na ameniandikia mambo yako mengi kwenye ule ubao kuliko nilivyomuuliza. Nakubali kuwa naye mke mwenza. Usinijibu kwamba karatasi imekwisha.

Mkeo,
Tatu


Najma, Doha
12 Aprili 2025

Kwa mke wangu mkubwa,

Shikamoo, na Idd iliyopita iwe njema kwako na kwa mbuzi wote, ambao sasa nawaheshimu. Aisha amefika salama. Alinikabidhi kulabu mbele ya watu wote wa chumbani, imefungwa kwenye leso yako, na wenzangu wakadhani ni pete. Kuhusu jambo hilo karatasi haijaisha. Mama yake ameshajua, na Idd ya kuchinja mwakani tunaomba likizo pamoja. Umefurahi? Mimi nimefurahi mpaka aibu.

Nilimpelekea mudir sababu ya nyufa mwenyewe. Kiprop alitaka aseme yeye, alisema, "Wacha nikubebee hii," nikakataa. Nilimwambia shaba ni nzuri, mkosaji ni mimi na ndoo yangu. Tukafungua sanduku ambalo halijasafishwa, tukalinganisha na ya kwenye ndoo. Yasiyosafishwa mazima yote, yana madoa yao, yametulia. Ya kwenye ndoo hata yale yaliyoonekana mazima yalianza kukoroma tulipoyatikisa. Tumeyaponda. Mudir alisikiliza habari ya birika lako la mahari na banda la mbuzi mpaka mwisho, Kiprop akimtafsiria. Kisha akauliza kama yule mama bado yuko hai. Nikasema yuko hai na ana maneno. Akacheka, akasema masanduku yabaki, na dawa ya vioo irudi kwenye vioo. "Khalas," akasema, yaani yamekwisha, nikasaini mkataba siku ya pili baada ya Idd. Chumba chetu sasa kinanuka limau, watu wa kahawa wanapita kuuliza kama tunauza sharubati.

Ombi lako nimelifanya leo, peke yangu, kabla Kiprop hajafika, ili nisikie vizuri.

Nilichukua maganda machache yaliyorudi jana, nikayatikisa karibu na sikio. Yalilia, Bibi. Ni mlio mwembamba, mkavu, unaokwisha haraka, kama vijiko vya chai vikiwekwa kwenye sinia kwako asubuhi ya Idd kabla wageni hawajaingia. Nikamwaga, nikachukua mengine. Yakalia vilevile. Nilikuwa natabasamu peke yangu kama mwehu.

Mengine yaliyofuata yalilia yote, ila kulikuwa na kitu kinakoroma chini yake, kama mtu aliyelala chumba cha pili. Nikapunguza moja moja mpaka nikabaki nalo. Kwa macho lilikuwa zuri kuliko wenzake. Kiprop angelipitisha, mimi mwenyewe mwaka jana ningelipitisha. Nikaingiza kulabu yako, nikaivuta taratibu kutoka kitakoni, na karibu na mwisho ikanasa.

Nimeliponda, Bibi. Leo asubuhi nilikuwepo, na hakuna aliyeumia.

Mumeo, sikio lako,
Khalfan